Vinywele vya Mlangoni

Vijana wangu mnaofanya kazi kwenye viwanda vya mbao, wiki iliyopita mmoja wenu alipita kwangu hapa Igowole akapewa uji. Mimi nilikuwa nimekaa nje kwenye kigoda, sifanyi kitu, nasikiliza tu. Akamnong'oneza mke wangu jikoni, "Bibi, babu ameanza kuchanganyikiwa?" Nikamjibu kutoka kule kule nje kwamba bado, na kwamba amalize uji. Aliondoka mbio na kuacha kikombe nusu.

Mtu aliyesimama karibu na msumeno tangu ujana mpaka anastaafu hatarajiwi kusikia mnong'ono wa jikoni. Wenzangu wengi hawasikii. Ukiwasalimia wanakujibu habari za mvua. Mimi nasikia, na sababu yake si dawa wala maombi maalumu. Sababu yake ni mzee mmoja aliyenifundisha kazi, aliyepoteza masikio yake mimi nikiona, na mtani wake aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia.

Naitwa Enoki, ila kiwandani niliitwa Fundi Meno, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kunoa meno ya msumeno na kuyapanga, moja linaelekea kulia, moja kushoto, ili msumeno upite kwenye gogo bila kubanwa. Jina hilo lilinitafutia balaa. Bibi mmoja alikuja kutoka Nyololo akiwa amejifunga khanga shavuni, akakaa kwenye benchi langu, akafumbua kinywa. Nilipomwonyesha tupa ninayonolea alipona hapo hapo.

Aliyenifundisha tupa ni Mzee Kikoti. Alikuwa Mhehe mrefu, mkavu, mwenye koti la kaunda suti ambalo sikumbuki kumwona bila kulivaa. Alikuwa fundi mkuu wa msumeno siku za kazi na mwalimu wa kwaya ya usharika Jumapili, na kazi zote mbili alizifanya kwa masikio.

Kiwanda chetu kilikuwa na msumeno wa mkanda. Ninyi wa mashine ndogo zinazohamishwa porini huenda hamjauona. Ni ukanda wa chuma wenye meno upande mmoja, unazunguka kwenye magurudumu mawili makubwa, moja juu na moja chini, na gogo la mpaina linasukumwa katikati. Ukanda huo ukipata ufa na kukatika katikati ya mwendo, hauanguki chini kwa adabu. Unaruka. Na wa kwanza kukutana nao ni mwendesha mashine, ambaye kwetu alikuwa Komba, Mngoni mfupi, mcheshi, mvuta sigara, baba wa watoto wengi kuliko alivyopanga.

"Msumeno hausemi uongo," Mzee Kikoti aliniambia siku ya kwanza. "Ila hausemi kwa kelele. Jino butu linaguna. Mkanda uliolegea unapiga makofi. Wenye ufa unapiga mluzi, mwembamba, juu ya sauti zote. Ukisubiri mluzi uwe mkubwa utausikilizia hospitali."

Basi kila gogo lilipoingia, mzee aliinamisha kichwa begani, upande wa kulia, akafumba macho kama mtu anayepewa siri. Kichwa kikinyooka, kazi inaendelea. Mkono wake ukipanda na ngumi, Komba anazima. Hatukuwa na taa wala kengele. Tulikuwa na kichwa cha Mzee Kikoti, na wote tulikitazama hicho kuliko tulivyoutazama msumeno wenyewe. Ruhusa ya kupandisha ngumi ilikuwa yake peke yake, maana kila mtu akianza kusimamisha mashine kwa hofu zake, mbao hazitoki.

Sasa mtaniuliza, vikinga masikio havikuwapo? Vilikuwapo. Bosi alileta vingi, vizuri, vyenye sponji nene. Mwezi wa sita ulipofika na ule ukungu wetu wa Mufindi unaoingia mpaka kwenye mifupa, mlinzi wa getini alivijaribu akagundua vinapasha masikio moto. Kufikia mwisho wa baridi walinzi wote walikuwa navyo, na mama muuza vitumbua naye alikuwa na chake. Sisi tuliosimama kwenye msumeno tulikuwa masikio wazi, tukiwacheka. Fundi atajizibaje masikio, naye anafanya kazi kwa masikio?

Na jioni tulipotoka, masikio yalikuwa yanalia nziii, mpaka mtu analala. Tuliita kinanda. "Chako kimeanza?" tunaulizana tukinawa mikono. Aliyejibu kwamba chake hakijaanza alionekana ameshinda nyuma ya rundo la mbao akilala. Yaani tulijivunia. Nikikumbuka nacheka, halafu nasikitika kidogo.

Kwenye kwaya nilikuwa sauti ya tatu. Sauti ya kwanza iliongozwa na Neema, binti wa Mzee Kikoti. Alikuwa na sauti inayopanda juu kabisa na kukaa huko bila kutikisika. Msitabasamu. Ndiyo, ni huyo huyo anayewapikia uji. Nilikuwa na sababu zangu za kuisikiliza sauti ya kwanza kwa makini kuliko waimbaji wenzangu, na mzee alijua, na alikuwa akinipanga mstari wa nyuma kabisa.

Dalili zilianza kidogo kidogo, tukazichukulia kuwa tabia za uzee. Mzee alianza kulalamika kwamba siku hizi wanawake wote wa Mufindi wananong'ona. Mkewe, Mama Neema, akawa anamjibu, "Nimekuita mpaka jirani ameitika!" Walikuwa wakigombana kwa hilo. Mama aliamini kabisa kwamba mume wake anamdharau, na mzee aliamini kwamba mke wake amebadilika, anasema mambo chini chini. Watu waliokaa pamoja umri wote huo walianza kukaa kimya nyumbani.

Halafu ikaja simu. Zilikuwa zile simu ndogo za mwanzo, zenye mlio mwembamba wa kuchoma. Siku hiyo ibada imejaa, mchungaji yuko katikati ya sala, simu ikaanza kulia upande wa kwaya. Mzee Kikoti alikuwa amefumba macho, mtulivu. Alifumbua pale tu alipoona watu wanageuka. Akageuka naye, akatukazia macho mmoja mmoja, akanyoosha kidole kwa vijana wa besi, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Simu ilikuwa inalia kwenye koti lake. Besi wote walilaumiwa, na hakuna aliyethubutu kusema neno. Mimi nilicheka mpaka nikauma daftari la nyimbo.

Neema hakucheka. Wiki iliyofuata, baada ya mazoezi, alinisubiri nje ya kanisa.

"Enoki, umenisikia leo kwenye ubeti wa mwisho?"

"Nimekusikia. Ulipotea kidogo. Nilidhani una mafua."

"Sikupotea. Nimeharibu makusudi. Nikaharibu tena, vibaya zaidi. Baba amenipongeza." Akawa anavuta ncha ya khanga yake. "Baba yangu hanisikii. Usimwambie mtu, nakuomba. Akijua hataimbisha tena, na asipoimbisha atakufa."

Nikamwahidi. Lakini mimi nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Kule juu inakokaa sauti ya Neema ndiko unakokaa mluzi wa msumeno. Kama hamsikii binti yake, ufa atausikiaje? Na Komba anasimama pale kila siku, ametazama kichwa cha mzee, ana imani nacho kama anavyoamini kesho kutakucha.

Mtasema, ungemwambia tu. Ninyi wa siku hizi mnaambiana kila kitu kwa simu. Mimi ni kijana niliyefundishwa naye kushika tupa, ninayemtaka binti yake, nimwendee mzee wa Kihehe nimwambie, "Shikamoo baba, masikio yako yamekufa"? Hata ulimi ungekataa. Nikawa nafanya ninachoweza. Nilihama kutoka chumba cha kunolea, nikasogeza benchi langu karibu na mlango, nikawa nanoa huku nasikiliza.

Ulikuja asubuhi moja ya ukungu, gogo nene likiwa katikati. Mluzi mwembamba sana, juu kabisa, ukikatika na kurudi. Nikainua macho. Mzee ameinamisha kichwa, amefumba macho, uso umetulia. Kisha kichwa kikanyooka. Endeleeni.

Nikapandisha ngumi.

Komba alinitazama mimi, akamtazama mzee, akanitazama tena. Sijui aliona nini usoni pangu. Akazima. Magurudumu yalichukua muda kusimama, na yaliposimama tulisikia matone ya ukungu yakidondoka kwenye bati.

"Nani amesimamisha?" mzee aliuliza.

Nilikwenda tu, nikapitisha ukucha taratibu chini ya meno, kama alivyonifundisha mwenyewe, maana ufa macho hayauoni haraka lakini ukucha unakwama. Ukakwama. Akaja, akapitisha wake. Akakaa ameinama pale muda mrefu.

"Nilikuwa nimeusikia," alisema mwishoni. "Nilitaka gogo limalizike."

Komba alikwenda akasimama mahali anaposimamaga, akapaangalia, akatoka nje kuvuta sigara.

Sasa hapa ndipo mila zetu zinaposaidia, na msizidharau. Wahehe na Wangoni ni watani, kwa vita vya mababu walivyopigana mpaka wakachoka. Mtani anakwambia lolote, hata msibani, na huruhusiwi kukasirika. Neno ambalo mwanao akilisema ni tusi, mtani akilisema ni haki yake. Sikumwambia Komba kitu. Hakuhitaji kuambiwa, ndiye aliyenusurika.

Saa ya chai, tumekaa kwenye magogo na viazi vyetu, Komba alisimama. Amejifunga gunia kiunoni kama khanga ya msiba, ana bati la unga wa mbao mkononi. Akaanza kulia kwa sauti.

"Ndugu waombolezaji! Wanyalukolo wote, ndugu wa Kihehe mliofika! Tumekusanyika kumzika marehemu Sikio la Kulia la mtani wangu Kikoti. Marehemu aliugua muda mrefu, kwa siri, bila kuaga. Ameacha mjane mmoja, Sikio la Kushoto, naye tunaambiwa hali yake ni mbaya." Watu walianza kujikaza. "Marehemu alikuwa hodari. Zamani mbwa akipita Mafinga, marehemu anamsikia akiwa Igowole, anaandaa chungu, si mnawajua Wahehe kwa nyama ya mbwa! Siku hizi mbwa wanambwekea miguuni, anasema kijiji kimetulia!"

Hapo tulishindwa. Hata vibarua wa kupanga mbao walikuwa chini wanajigaragaza. Komba alichota unga wa mbao, akamnyunyizia mzee kwenye bega la kulia, udongo kwa udongo. Halafu akapiga magoti mbele yake, machozi ya kweli yakiwa machoni, na sauti yake ikashuka.

"Mtani. Nina watoto. Nikifa mimi utamtania nani?"

Kicheko kikakatika. Mzee Kikoti alikaa, unga wa mbao ukiwa begani. Nilitamani ardhi inimeze mimi na benchi langu.

"Mngoni mwizi wewe," alisema hatimaye. "Msiba gani huu hauna hata pilau?" Akajipangusa uso kwa mkono wa koti. "Sisikii, Komba. Ni muda sasa. Nilidhani ni ninyi mmeacha kusema."

Tulikwenda naye Mbeya, kwenye kliniki ya masikio, mimi na Komba. Komba alisema msiba ni wake, hawezi kuukosa. Kule alitupokea muuguzi kijana, Sista Rehema, amevaa hijabu nyeupe, mpole lakini hadanganyiki. Alimwingiza mzee kwenye chumba kidogo kama kabati, akamvalisha vitu masikioni, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Mzee alikaa humo kama askari. Alipotoka akamwambia sista, "Mwanangu, kifaa chenu hakina umeme."

"Umeme upo, baba."

"Eti?"

Sista akavuta kiti, akakaa mbele yake kabisa ili auone mdomo wake, akashusha sauti ikawa nzito. Na hapo mzee akaanza kumwelewa.

"Baba, ndani ya sikio, mbali kuliko anapofika kijiti cha pamba, kuna kitu kimejiviringisha kama nyumba ya konokono. Ndani mna maji. Ndani ya hayo maji kuna vinywele vidogo mno, macho hayavioni. Sauti ikiingia maji yanatikisika, vinywele vinainama, na kila kinapoinama kinapeleka habari kwenye ubongo. Si sikio hili la nje linalosikia. Ni vile vinywele."

"Vinywele," mzee akasema, akijishika sikio.

"Umelima mpunga, baba?"

"Mimi ni mtu wa mahindi na viazi."

"Kwetu ni Madibira. Upepo ukipita kwenye mpunga, mpunga unalala, halafu unasimama. Upite kila siku, haudhuriki. Lakini ng'ombe wakiingia shambani ni kitu kingine. Wakipita mara moja, ukiwa na bahati mpunga unainuka. Wakipita kila siku unakwenda na matope. Sauti za watu na nyimbo ni upepo. Mashine yenu ni ng'ombe. Na ng'ombe wakiingia shambani wanakanyaga wapi kwanza?"

"Mlangoni," alisema mzee.

"Basi vinywele vya mlangoni ndivyo vinavyopokea sauti nyembamba. Ndege, watoto, wanawake. Vya ndani ni vya sauti nzito, navyo vyako bado vipo. Ndiyo maana unamsikia huyu kaka, lakini mama nyumbani unaona ananong'ona."

Mzee alimtazama. "Kwa hiyo mke wangu hanong'oni."

"Hanong'oni, baba."

"Nimemgombeza bure."

Komba akaangalia dirishani. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Sista alisubiri, halafu akatuuliza kama masikio yetu yanalia jioni. Tukamwambia kwa fahari habari za kinanda. Akashika kichwa. Akasema kile si kinanda, ni mpunga uliokanyagwa unalalamika, na siku ukinyamaza si kwamba umepona wote. Akatupa kipimo ambacho nawapa ninyi leo, msikisahau: mwenzako akiwa umbali wa mkono, ukalazimika kupiga kelele ndiyo akusikie, ujue ng'ombe wako shambani.

"Na hivi vinywele vitaota tena?" mzee aliuliza.

"Kwa binadamu, hapana. Vikienda vimekwenda." Kisha, nadhani ili kumchangamsha, akaongeza, "Kwa kuku vinaota. Kuku akiharibikiwa masikio, baada ya muda vinywele vyake vinaota upya."

"Yaani," alisema Mzee Kikoti polepole, "jogoo wangu ananizidi?"

"Kwa hilo, anakuzidi."

"Nikifika nyumbani namchinja."

Sista Rehema alicheka mpaka akafuta macho, na mzee naye akacheka, kicheko chake cha zamani. Komba alivyo, hakukubali msiba uishe bila yeye kupata fungu. Akauliza habari za kikohozi chake cha asubuhi. Sista akamwambia kwamba njia ya hewa nayo ina vinywele, na kazi yake ni kufagia. Vumbi tunalovuta vinalisukuma juu, mchana na usiku, mpaka kooni tunapolitema au kulimeza. Moshi wa sigara unavilaza. Asubuhi vikiamka vinakuta rundo la jana, ndipo mtu anakohoa.

Komba alishika mfuko wa shati lake lenye pakiti. "Kumbe nina vibarua ndani wananifagilia bure," alisema, "na mimi nawalewesha." Hakuacha siku ile. Lakini alianza kuvuta kwa aibu, na aibu ilimfikisha mbali kuliko mahubiri, mwisho akaacha.

Njiani kurudi tulifika Makambako. Hapo mzee akanigeukia.

"Ng'ombe nimewafungulia mwenyewe, Enoki. Kila asubuhi. Nikawa natabasamu."

Kesho yake alikwenda getini kudai vikinga masikio. Mlinzi akakataa kata kata. "Mzee, na baridi hii?" Mzee akavua kofia yake ya sufu, akamvalisha, akachukua vikinga. Mama wa vitumbua alirudisha chake mwenyewe, kikiwa na mafuta. Toka siku hiyo hakuna aliyekaribia msumeno masikio wazi.

Lakini, mtauliza kama tulivyouliza, mluzi utasikika vipi? Kumbe unasikika. Kikinga kinapunguza mngurumo wote kwa pamoja, na mluzi unabaki juu yake pale pale, tena unajitenga vizuri zaidi. Hata hivyo mzee alisema kazi ya kulinda uhai wa mtu isiachiwe vinywele vya mtu mmoja. Ikawa kila tukimaliza rundo la magogo tunazima, tunapitisha ukucha na tochi, na msumeno unapumzishwa kabla haujachoka. Na mtu yeyote aliruhusiwa kupandisha ngumi. Mbao ziliendelea kutoka. Komba alistaafu na vidole vyake vyote.

Mahali pake pa kusimama Mzee Kikoti alinipa mimi. Alinishika mabega akanisimamisha pale. "Inamisha kichwa," alisema, "na usione haya. Watakuwa wanakitazama." Yeye akaenda kukaa kwenye chumba cha kunolea, mlango umefungwa, na tupa yangu.

Nyumbani mambo yalikaa sawa kabla ya kazini. Mama Neema alijifunza kumgusa bega kwanza, asimame mbele yake, ndipo aseme. Baadaye mzee alipata kifaa cha kuvaa sikioni, kikamsaidia mazungumzo, lakini zile sauti za juu hazikurudi. Alisema kifaa ni mbolea, na mbolea haioteshi kitu pasipo mpunga.

Ikabaki kwaya. Kulikuwa na tamasha la kwaya pale Mafinga, na wimbo wetu ulikuwa na mahali ambapo sauti zote zinanyamaza, Neema anapanda peke yake, halafu sote tunaingia. Mzee alitaka kujiuzulu kabla ya siku hiyo. Alisema mwalimu asiyesikia sauti ya kwanza ni kama fundi asiyesikia mluzi, atawaumiza watu. Neema alilia. Mimi nikamwambia, kwa woga wote niliokuwa nao, "Baba, kiwandani tulikuwa tunaangalia kichwa chako. Na wewe angalia cha kwangu."

Alinitazama. Kwenye mazoezi yaliyofuata alinitoa mstari wa nyuma, akanipanga mbele.

Siku ya tamasha kanisa lilijaa mpaka madirishani. Tuliimba vizuri, mzee akituongoza kwa mikono yake mirefu. Tukafika mahali pale. Tukanyamaza. Neema akapanda peke yake, juu, juu zaidi, na watu wote wakashika pumzi. Mzee Kikoti alikuwa amesimama katikati ya sauti ya mtoto wake, haisikii. Akawa ananitazama mimi. Nikainamisha kichwa begani upande wa kulia, nikafumba macho, nikasikiliza kwa niaba yake. Ilikuwa safi, bila ufa wowote. Nikanyoosha kichwa.

Nilipofumbua macho mzee alikuwa anatabasamu, machozi yanamtiririka, na mkono wake ukatuingiza sote mahali penyewe hasa. Baada ya tamasha aliniuliza maswali mengi: alipandaje, alikaa muda gani, alitetemeka? Nilimweleza kila kitu. Na alipomaliza kuuliza alisema ninaweza kuja nyumbani na wazee wangu.

Amepumzika sasa, na Komba alilia msibani kwake kwa kilio cha kweli na cha utani pamoja. Mimi nakaa hapa nje kwenye kigoda. Jioni Neema akipika huwa anaimba, na sauti imezeeka kidogo lakini bado inapanda. Ikifika pale juu, kichwa changu kinainama chenyewe, na kinaponyooka ninageuka kumtafuta mzee nimwambie kwamba iko safi.